Bala

Kwetu Rio neno ni moja.
Ukilimenya, karatasi hulia kama mvua kwenye bati,
ndani mna nazi, au tangawizi,
au zabibu isiyojua mzabibu.
Ukilisikia usiku, unazima taa
na kulala chini ya sinki na watoto.

Mama yangu, Marinalva wa behewa la tatu,
aliliuza miaka kumi na tisa kwenye treni ya Japeri.
Kulabu ya chuma begani, pakiti zimening'inia,
sauti ikianzia puani:
Bala! Ya nazi, ya asali,
ya mnanaa kwa wenye kikohozi na wenye wapenzi!

Mjomba Jurandir, sahani zikishapangwa,
hakusema karibuni. Alisema: tuma bala!
yaani anzeni, mnangoja nani?
Na mtu akinunua gari jipya mtaani
aliguna: yule ana bala kwenye sindano.
Mama akaitazama kulabu yake.
Mimi ninazo mia mbili, akasema,
na kodi ya Mei sijalipa.

Dada yangu Rosineide alirudi dansini alfajiri,
viatu mkononi, anacheka peke yake.
Kijana mmoja alimnong'oneza: unataka bala?
Akajibu: ya ndizi, kama ipo.
Alichopewa ni kidonge cha waridi chenye mhuri wa njiwa.
Alikifunga kwenye leso, akamletea Mama.
Mama akakinusa, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.
Hakina karatasi, akasema. Nani atanunua?
Akakitupa chooni, akavuta maji mara mbili.

Nimeambiwa iko lugha, mbali, ng'ambo ya maji,
ambako ukilivuta neno hili kidogo tu mwishoni
linakuwa msiba.
Watu wa huko walitusikia wapi?

Jumanne moja ya Agosti treni ilikwama baada ya Madureira.
Asubuhi hiyo huko kilimani zilikuwa zimelia,
kila mtu kashika simu, anauliza nyumbani nani yuko wapi.
Akaingia Gilvan, miaka kumi na minne, siku yake ya kwanza,
sauti ndiyo kwanza inavunjika,
akapaza, bila ladha, bila bei:
BALA!

Behewa zima lilikwenda chini.
Muuguzi akaukumbatia mkoba wake. Babu akamlalia mjukuu.
Miwani ikapasuka chini ya goti la mtu
na mtu huyo akaiomba radhi miwani.
Waliobaki wima ni Mama
na mtoto yule, mdomo wazi, kulabu inatetemeka.

Mwanangu, Mama akamwambia, anza na ladha.
Taja nazi kwanza.

Watu waliinuka wakipangusa magoti,
wakacheka kicheko kile cha kukohoa,
wakamnunulia zote. Hata za mdalasini
ambazo hakuna anayezipenda.

Magazeti yetu huandika "bala iliyopotea".
Moja ilipotea Novemba, ikapita bati,
ikapita kalenda ya duka la dawa,
ikasimama kwenye mlango wa friji.
Hatukuwa nyumbani. Tulikuwa ubatizoni, tunakula keki.
Mama aliing'oa kwa koleo.
Hakujua pa kuiweka: si takataka, si ukumbusho.
Akaitia kwenye bakuli la wageni, juu ya kabati,
akisema ataiondoa kesho.

Jumapili mwanangu Tainã, miaka minne,
alipanda kiti, akachagua muda mrefu,
akashuka na ile isiyo na karatasi.
Bibi, hii ya ladha gani?

Mama, ambaye kwa miaka kumi na tisa
hakuwahi kukosa la kumjibu mteja,
alifungua mdomo.
Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu,
kama anayedai chenji.